Kuku Arobaini wa Athanasie

Keith alikuwa na adabu, na hilo ndilo lililomchoma Athanasie kuliko yote. Angefokewa, angejua la kufanya. Kufokewa alikuzoea tangu Karagwe, alikozaliwa na kulelewa hadi wazazi walipofunga mizigo kurudi Rwanda. Lakini kijana huyu wa ofisi ya nyumba alimvutia kiti, akamuuliza kama amekunywa maji, kisha, akimwita mubyeyi, yaani mzazi, akamwambia kwa Kiswahili chake cha Kampala:

"Mubyeyi, hii nyumba iko ya watu hawana kitu. Wewe iko na kitu."

"Kitu gani?"

Keith aligeuza daftari ili naye alione. "Cherehani tatu. Wafanyakazi wawili. Kuku arobaini wa mayai. Sahihi hii iko ya nani?"

"Yangu."

"Na hii stempu?"

"Ya mudugudu, ya mtaa wetu."

"Sasa mimi nifanye nini, mubyeyi?"

Nyuma yake, dirishani, jengo lenyewe lilisimama kwenye mteremko wa Kagarama: ghorofa nne, rangi mbichi bado inanuka, plastiki hazijabanduliwa kwenye vioo. Vyumba sitini. Athanasie hakuhitaji kuambiwa jengo lile ni la nani. Siku ya jiwe la msingi alikuwepo, mstari wa tatu, upande wa kushoto wa hema, na alimsikia kwa masikio yake bwana wa kampuni akisema mbele ya kipaza sauti kwamba wamesamehewa kodi ya saruji, ya nondo, ya vigae, hata ya masinki ya choo, na kwamba kwa msamaha huo vyumba ishirini na vinne vitakuwa vya wenye kipato kidogo. Watu walipiga makofi. Yeye hakupiga, kwa sababu alikuwa anaandika. Ishirini na vinne. Aliandika kwenye kiganja kwa kalamu ya bluu, akafika nyumbani akanakili.

"Lile daftari si hali yangu," alisema. "Ni mashindano."

"Mashindano gani?"

Athanasie alimtazama kijana aliyekulia kwingine, shati limepigwa pasi kama bahasha. Aanzie wapi?

"Nikileta barua ya kusahihisha?"

"Ilete. Lakini ikuwe na stempu, na ikuwe hapa Jumatatu. Jumatatu jioni tunafunga."

*

Ilikuwa Jumatano. Mwisho wa mwezi ule ule Athanasie alitakiwa kutoka katika chumba chake cha Kabeza. Ua wote ulikuwa umeuzwa. Mnunuzi alishakuja mara mbili na futi ya kupimia, akipima katikati ya watu wanaoanika nguo kana kwamba ni miti. Hiki kilikuwa chumba cha nne kumtema. Cha kwanza kilikuwa Kiyovu ya chini, na tangu hapo kila mara sentensi ilikuwa ile ile: mji unakua, mama. Unakua, naam. Alikuwa amewashonea sare watoto wa mji huu miaka ishirini na sita, alijua vizuri kitu kinavyokua. Kinachokua huongezewa kitambaa. Yeye kila mara ndiye aliyekatwa.

Binti yake Iteka, mwenye mtoto wa miezi saba mgongoni, alimsubiri mlangoni.

"Wamesemaje?"

"Wamesema sisi ni matajiri."

Iteka alicheka, kisha akaona uso wa mama yake, akaacha.

Kosa lilikuwa la mwezi wa sita. Huku kila kaya ina daftari lake la imihigo, yaani ahadi za mwaka: tutafuga hiki, tutalipa kile, tutafungua kibanda. Mwaka wa serikali ukiisha mwezi huo wa sita, wakaguzi wa sekta, yaani kata, hupita nyumba kwa nyumba kutia alama: imetimia, haijatimia. Kaya kumi na tisa za jirani hufanya isibo, na masibo hushindana. Isibo ya Athanasie iliitwa Indatwa, maana yake wa kusifiwa, na kwa miaka mitatu haikuwa imesifiwa na mtu yeyote.

Kiongozi wake, Munyaneza, alikuwa mchoma brosheti, ile mishikaki ya huku, kule Gisimenti, mwenye mikono minene na sauti ya kuuza nyama. Mwaka huu alitaka kushinda. Zawadi ilikuwa bima ya afya ya mwaka mzima, imelipiwa kaya zote kumi na tisa. Nani angekataa? Alipita jioni moja na kalamu yake mwenyewe.

"Mama Iteka, hapa umeandika cherehani moja. Ongeza mbili."

"Nitazitoa wapi?"

"Za Leila zipo. Si mnapakana?"

"Na kuku arobaini?"

"Kuku wana miguu, mama Iteka."

Na kweli walikuwa nayo. Siku ya ukaguzi, cherehani mbili za Leila zilipitishwa juu ya ukuta alfajiri, zikapangwa barazani kwa Athanasie, Iteka na binamu yake wakakaa nyuma yazo wakikanyaga hewa. Saa tano zilikuwa zimesharudi kwa Leila, pamoja na ile ya Athanasie, zikahesabiwe kule. Kuku, kumi na wanane kati yao wa Munyaneza mwenyewe, walisafiri kwa vikapu kupitia njia ya nyuma, na katika kila nyumba wakaguzi walipewa fanta baridi na maandazi ili vikapu vipate muda wa kutangulia. Kulikuwa na jike jeupe lililochechemea. Kwenye nyumba ya nne mkaguzi mmoja aliliinamia akasema, "Huyu mama tumeshasalimiana." Watu walikauka. Mkaguzi akacheka, akafuta fanta mdomoni, akatia alama: imetimia.

Indatwa ilishinda. Athanasie alicheza siku ile mpaka kitenge kikamlegea. Hili nalo lisemwe, asije mtu akadhani alikuwa malaika: alisaini kwa mkono wake, na alicheka.

*

Athanasie alimkuta Munyaneza jikoni kwake Gisimenti, akigeuza nyama, akamwita muyobozi, yaani kiongozi.

"Barua tu, muyobozi. Mistari miwili. Athanasie ana cherehani moja, hana kuku. Basi."

"Halafu?"

"Halafu napata nafasi ya kuomba chumba."

Munyaneza alipuliza makaa. "Halafu wa sekta wanauliza: kama daftari lako ni uongo, la Leila je? Langu je? Wanarudisha bima. Wewe unapata chumba, sisi tunapata malaria ya kulipia."

"Si lazima waulize."

"Mama Iteka! Wewe? Wewe ambaye ukiambiwa mkutano ni saa tatu unauliza saa tatu ya nani? Unajua kabisa wataulizaa." Aliivuta ile a ya mwisho kama anayevuta mshipa kwenye nyama. "Na mwezi ujao nagombea ukuu wa mudugudu. Usinichomee."

"Kwa hiyo nilale wapi?"

"Mwenye cherehani tatu hakosi pa kulala," alisema, na mteja mmoja akacheka bila kujua anacheka nini.

Athanasie angeweza kummwagia yale makaa. Badala yake alimwambia, "Jumamosi kuna umuganda. Tutaonana mkutanoni," akaondoka.

*

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, walichimba mtaro hadi saa tano. Athanasie alichimba pamoja na Leila, jembe kwa jembe, na hakumwambia kitu. Leila alikuwa mshonaji pia, wa mitandio na kanzu. Babu yake alikuja na biashara ya vitambaa kutoka pwani, na yeye aliongea Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wote pale. Kwa miaka kumi walikuwa wakiazimana sindano, chumvi na siri.

Kazi ilipokwisha watu walikaa kwenye nyasi kwa ajili ya mkutano. Hapo ndipo Arthur alipotokea, mguu mkavu, viatu vyeupe. Arthur alikuwa wa isibo hiyo hiyo. Alipanga nyumba yenye geti, alifanya kazi aliyoiita ya ushauri, na umuganda aliuona kupitia kioo cha gari. Leo alikuwa na fomu mkononi, alihitaji stempu.

"Na wewe unaomba chumba?" Athanasie alimuuliza.

"Bei nzuri, mama. Nani hataki?"

"Na daftari lako?"

"Tupu. Sijawahi kuandika kitu." Alitabasamu kwa huruma ya kweli, na hiyo ikawa mbaya zaidi. "Ungeacha tupu kama mimi."

Mukamana, mkuu wa mudugudu, mwalimu mstaafu mwenye miwani ya kamba, alisoma ajenda: mtaro, taka, wageni wasioandikishwa, mengineyo. Athanasie alinyoosha mkono tangu kwenye taka.

Alipopewa nafasi alisimama na udongo wake magotini.

"Ndugu zangu, mimi nina cherehani moja. Sina mfanyakazi. Kuku sina, hata yai sina. Mlioko hapa mnajua, maana kuku wale mliwabeba nyinyi. Wewe, wewe, na wewe pale uliyenyewa kwenye bega."

Kicheko kilipasuka. Mtu akalia kama kuku. Mwingine akaita, "Jike jeupe li wapi? Lije litoe ushahidi!" Kwa muda mfupi Athanasie alidhani ameshinda, kwa sababu watu wanaocheka hivyo ni watu wanaokubali.

"Naomba mkutano uandike ukweli huo. Wangu tu. Sisemi wa mtu mwingine."

Munyaneza alisimama polepole. Hakukasirika. Alizungumza kama anayeombea mgonjwa.

"Mama yetu anahangaika, tunamwelewa. Lakini tumfikirie vizuri. Daftari lile lilikaguliwa na serikali. Likiwa uongo, hatukudanganyana sisi kwa sisi, tumeidanganya serikali, kaya kumi na tisa. Bima zetu zimetoka humo. Nani alimpeleka mtoto hospitali tangu mwezi wa saba? Anyooshe mkono."

Mikono ilinyooka. Mingi.

"Muishushe. Sasa naomba tuulizane, bila ugomvi: daftari la mama Iteka lilikuwa sawa au halikuwa sawa?"

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mukamana alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa mwanamke mwema, na alifanya kile ambacho wema wengi hufanya penye watu wengi: alifuata utaratibu.

"Wanaosema daftari liko sawa, mikono juu."

Ilipanda mmoja mmoja, kisha kwa pamoja, yenye udongo wa mtaro ule ule. Arthur alipandisha wake, msafi. Athanasie hakutazama yeyote isipokuwa Leila. Leila alitazama chini. Mkono wake ulifika usawa wa sikio, ukashika mtandio kana kwamba unaurekebisha, ukabaki hapo. Mukamana akauhesabu.

"Wanaosema haliko sawa?"

Athanasie alinyoosha wake, na jembe la binti yake likasikika likianguka naye alipoinua mkono. Kura ni moja kwa kaya, na Iteka alikuwa kaya ile ile. Kura yake haikuhesabiwa.

"Imethibitishwa," Mukamana alisema, akaandika.

Hivyo ndivyo mtu anavyotajirishwa, enyi wasomaji, saa sita na dakika kumi mchana, kwenye nyasi, na majirani wanaompenda.

Leila alimfuata njiani. "Mama Iteka. Nina sukari. Unajua. Ile bima ndiyo sindano yangu."

"Najua."

"Sasa ningefanyaje?"

"Sijakuuliza, Leila."

"Niulize basi! Nitukane!"

Lakini Athanasie alikuwa anafikiria kitu kingine. Alisimama, akageuka, akarudi mkutanoni mbio za mtu mzima, akamkuta Mukamana anafunga kitabu.

"Mkuu, naomba nakala ya uamuzi. Na stempu."

"Ya nini tena?"

"Ni haki yangu, au si haki yangu?"

Mukamana alijua vifungu. Alinakili, akagonga stempu.

*

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Athanasie alisimama kwenye ua wa Munyaneza na vikapu vinne. Iteka alikuwa nyuma yake, na nyuma ya Iteka watu kadhaa waliohisi kuna jambo.

"Hodi, muyobozi. Nimekuja kuchukua kuku wangu."

Munyaneza alitoka na suti yake ya ibada. "Kuku gani?"

Athanasie alisoma karatasi kwa sauti, mpaka tarehe. "Inteko, mkutano wa wananchi, imethibitisha kwamba Athanasie ana kuku arobaini. Mkono wako ulikuwa wa kwanza kupanda. Kwangu hawapo. Hapa nawaona kumi na wanane. Nianze na hawa, halafu tutasaka wengine." Akamkamata wa kwanza kwa mbawa.

"Mwache huyo!"

"Ni wako?"

Majirani walisogea. Mtu mmoja nyuma alisema taratibu, kwa furaha isiyofichika, "Jibu, muyobozi. Ni wako?" Akisema ni wake, daftari ni uongo, na kura aliiongoza yeye. Akisema si wake, vikapu viko tayari.

"Tuzungumze ndani," alisema.

"Tuzungumze hapa hapa. Kuku wanapenda hewa."

Alikuwa ameshawatia sita kikapuni Munyaneza alipoomba karatasi. Aliandikia kwenye goti, akitoa jasho kwenye kola, kisha akamtuma mkewe kwa Mukamana kupata stempu. Stempu ilirudi. Watu walianza kupiga makofi. Athanasie alinyoosha mkono wanyamaze, kwa sababu alikuwa anasoma.

Barua ilisema kwamba Athanasie, *peke yake na kwa hiari yake*, alitoa taarifa za uongo kuhusu mali yake ili kuwapotosha viongozi; kwamba isibo haikuhusika; kwamba ameomba msamaha na amesamehewa; na kwamba hali yake halisi ni cherehani moja.

Aliisoma mara tatu. Mara ya tatu hakusoma maneno. Alikuwa anatazama nafasi ya sahihi chini.

"Hii si ndiyo uliyoitaka?" Munyaneza alinong'ona. "Cherehani moja. Kuku hakuna. Wote tunabaki na bima. Hata Leila."

Angeweza kuichana. Mwili wake wote ulitaka kuichana. Vidole vilishaikunja kona. Lakini Iteka alikuwa anambembeleza mtoto nyuma yake, Athanasie akiwasikia wote wawili wakihema, na kesho ilikuwa Jumatatu. Alitia sahihi juu ya paja la Munyaneza, kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi ikamgusa.

"Aa!"

"Pole," Athanasie alisema, akamwaga kuku.

*

Jumatatu alifika Kagarama saa mbili kasoro. Keith alimvutia kiti. Alisoma barua, akainua macho, na kwa mara ya kwanza hakumpa maji.

"Mubyeyi. Ulidanganya serikali?"

"Soma kama ilivyoandikwa."

"Iko hivyo hapa."

"Basi ni hivyo."

Alikubali. Aligonga, akaandika, akampa kipande cha karatasi chenye namba: arobaini na moja.

"Vyumba si ni ishirini na vinne?"

"Ishirini na vinne, ndiyo. Wale wa mbele iko tayari. Hii ni orodha ya kungoja. Mtu akikataa, tunashuka."

"Mtu gani atakataa nyumba?"

Orodha ya waliopata hadi Jumamosi jioni ilikuwa imebandikwa ukutani. Athanasie alivaa miwani yake, akapitisha kidole. Wa sita: Arthur.

"Huyu ana gari," alisema bila kugeuka.

"Daftari yake iko sifuri, mubyeyi. Kaya haina kitu. Gari siioni kwa karatasi."

"Kampuni imesamehewa kodi kwa ajili ya huyu?"

"Mimi napanga faili tu," Keith alisema, akishusha macho kwenye faili, maana hakuwa mtu mbaya. Na Athanasie alikuwa amechoka na watu wasio wabaya, amewachoka hadi kwenye mifupa.

Alitoka. Kwenye benchi la nje walikaa watu kumi na wawili, kila mmoja na daftari lake limefungwa kwenye mfuko wa karatasi, kila mmoja akitazama viatu vyake. Mwanamke wa mwisho alikuwa amebana daftari kifuani kama mtoto mwenye homa. Athanasie alipita, akafika mpaka ngazini, akasimama. Akarudi. Akakaa pembeni yake.

"Wamekukataa?"

Mwanamke aliitikia kwa kichwa.

"Daftari lako linasema nini?"

Yule mwanamke alitazama kushoto na kulia. "Ng'ombe wawili," alisema. "Wa maziwa."

"Wa nani?"

Mwanaume aliyekuwa jirani yake alianza kukohoa kikohozi kisicho na makohozi. Wa tatu alifunika daftari lake kwa kofia.

"Mimi walikuwa kuku arobaini," Athanasie alisema kwa sauti ya kutosha benchi zima. "Na mmoja alikuwa kiwete."

Mtu alicheka puani. Mwanaume wa kikohozi aligeuka. "Mimi mashine ya kusaga," alisema. "Hata umeme sina."

Athanasie alifungua mkoba, akatoa kalamu ya bluu. Karatasi hakuwa nayo ila ile ya namba arobaini na moja. Aliigeuza upande mweupe, akaiweka gotini.

"Tuanze na wewe," alimwambia mwenye ng'ombe. "Jina lako nani, na ng'ombe hao waliazimwa siku gani?"